Shela la Flashi

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuuliza kama kuna chakula, Pozi alipitia mlango wa nyuma wa studio ya baba yake na kuanza kufuta vioo. Alianza na kioo cha dirishani, palipobandikwa picha za maharusi na za watoto waliolia. Halafu alifuta kioo ambacho wateja walijitazamia kabla ya kukaa kwenye kiti. Mwisho alinawa mikono, akaikausha vizuri, akafuta lenzi. Lenzi zilikuwa za mwisho kwa sababu baba yake hakutaka zishikwe na mikono yenye jasho.

Jina la Pozi alipewa na wateja. Tangu akiwa mdogo, ukimwelekezea hata kijiko alikuwa anaweka mkono kiunoni na kuinua kidevu. Alikua nalo, akalipenda. Alikuwa hodari darasani, msafi, mchangamfu, na ulimi wake ulikuwa wembe. Wengi waliomsifu walimsifu kwa kuuogopa ulimi huo, ila yeye hakulijua hilo. Alidhani anapendwa.

Mtaa wao ulikuwa wa vyumba vidogo. Watu walitaka kupigwa picha nyumbani kwao, wakiwa na kitanda, kabati na ndugu wote, na katika chumba kidogo hakuna pa kurudi nyuma. Ukirudi hatua moja umeegemea mlango. Kwa hiyo baba yake alikuwa na lenzi pana. Ukisimama nayo pembeni mwa chumba, inakupa chumba kizima, ukuta huu hadi ukuta ule. Ilikuwa lenzi nzuri, lakini yenye vituko. Aliyekaa ukingoni mwa picha ilimvuta uso ukapanuka. Tena flashi ya kawaida haikuweza kuifuata, maana flashi imetengenezwa kumulika mbele yake, na lenzi hiyo inaona hadi pembeni kabisa. Usipofanya kitu, wa katikati wanang'aa na wa pembeni wanazama gizani.

Dawa yake ilikuwa kipande cha plastiki cheupe kama maziwa, kinachovalishwa usoni mwa flashi. Nyumbani kwao walikiita shela. Shela lilipunguza ukali wa mwanga na kuutawanya kushoto na kulia, hadi aliyebanwa ukutani naye akapata sehemu yake.

Kulivalisha shela ilikuwa kazi ya Pozi. Baba yake alipokuwa ameshaweka jicho kwenye kamera, Pozi alilipuliza vumbi, akalibana kwenye flashi, akasema, "Mwanga upo." Hapo baba yake alibofya. Hakugeuka kuangalia hata mara moja. Aliwaambia wateja kwamba yeye ana macho manne, mawili kichwani mwake na mawili kichwani mwa binti yake, na Pozi alipoyasikia hayo alivimba kwa raha.

Sasa tumzungumzie msichana wa pili. Huyu alikaa dawati moja na Pozi, na alilelewa na shangazi yake, muuza mkaa. Kabla ya kuja shule alichekecha mkaa na kuupanga kwenye makopo, na hata angejisugua namna gani, weusi ulibaki kwenye kucha na kwenye mikunjo ya shingo. Pozi ndiye aliyemwita Masizi. Kabla ya wiki kwisha darasa zima lilimwita hivyo, na ikafika siku hata mwalimu wao wa darasa akateleza akamwita Masizi mbele ya wote. Watoto walicheka, naye mwalimu akacheka kidogo. Msichana aliitika tu.

Kwa kawaida Masizi hakujibu. Alijibu mara moja tu, muhula wa mwisho, siku Pozi alipokuwa akieleza kwa sauti kwamba watu wenye sura fulani haifai kuwapotezea filamu. Masizi alifunga kitabu chake akasema, bila hasira, "Kwenu kuna picha za watu wote, lakini sijaona mtu hata mmoja anaomba yako."

Darasa lilivunjika mbavu. Wale wale waliozoea kucheka upande wa Pozi walicheka hadi wakapiga madawati. Pozi naye alitabasamu, maana alijua kutabasamu hata akiwa anaungua. Lakini neno hilo lilimkaa kooni. Alilala nalo, akaamka nalo, akawa anasubiri siku yake.

Siku yenyewe ilifika na mvua. Mitihani ilikuwa imekwisha na darasa lao lilikuwa linapigwa picha ya kuagana, na kwa kuwa uwanja ulikuwa tope tupu, mwalimu aliamua wapigwe darasani. Baba yake Pozi alikuja na lenzi pana. Alipanda juu ya meza nyuma ya darasa, akamwachia Pozi kazi ya kuwapanga wenzake mbele ya ubao, kwa sababu aliwajua kwa urefu na kwa ugomvi wao.

Pozi alianza kupanga. Marafiki zake aliwaweka katikati na nafasi yake akaiacha wazi kati yao. Wengine wakasukumana, maana Pozi alishawatangazia kwamba ukikaa ukingoni kichwa chako kitatoka kama tikiti. Masizi alimfuata pembeni. Siku hiyo alikuwa amepaka mafuta, na sketi yake ilikuwa imepigwa pasi hadi imebaki na alama ya pasi.

"Naomba usiniweke mwisho," alisema kwa sauti ya chini. "Picha hii ni ya mama. Yuko wodini, hajaniona siku nyingi. Niweke mahali nitakapoonekana."

Pozi alimsikia vizuri sana. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamwambia kwamba blauzi za watu ni nyeupe na kwa mvua hii hakuna atakayefua. Akamshika bega kwa vidole viwili, akampeleka mwisho kabisa upande wa kushoto, karibu na kabati la chaki. Waliokuwa karibu walicheka. Hakuna aliyesogea kumpa nafasi.

Mwalimu wa darasa alifika wa mwisho, akiwa amevaa koti jipya. Hakuona nafasi nyingine, akasimama mwisho upande wa kulia na kukunja mikono kifuani.

Baba alikuwa ameshainamia kamera. Pozi alipanda kiti kando yake, shela mkononi. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Alijua shela likikosekana nani ataliwa na giza. Alimtazama Masizi kule mwisho, amesimama wima, kidevu juu, akijitahidi kutopepesa macho kwa ajili ya mama yake. Pozi akalitia shela kwenye mfuko wa sweta.

"Mwanga upo," alisema.

Alishuka, akakimbilia nafasi yake ya katikati, akaweka mkono kiunoni. Flashi ikawaka. Baba akabofya na ya pili kwa tahadhari, akasema ahsanteni.

Zama hizo picha zilikuwa za filamu. Ukibofya umebofya, na ulichopata hukioni hadi filamu isafishwe. Filamu za rangi zilipelekwa kwenye mashine mjini, na bahasha ya picha za darasa ilirudi siku wanafunzi walipokuwa wanarudisha vitabu. Baba alikuwa ametoka kwenda kupiga picha mtaani. Pozi akaipokea bahasha ikiwa imefungwa kwa gundi, akaipeleka shule mwenyewe.

Mwalimu aliifungua mbele ya wote na kuwagawia. Kwa kitambo kidogo kila mmoja alijitafuta yeye tu, kama watu wafanyavyo. Halafu mtu mmoja akasema, "Masizi yuko wapi?" Wakamtafuta. Mwisho wa mstari, karibu na kabati la chaki, palikuwa na weusi mtupu, na ndani ya weusi huo umbo lisilo na uso.

"Hata flashi imemkataa," alisema Pozi.

Kilichofuata hakikuwa kicheko, kilikuwa kelele. Wavulana walianguka juu ya madawati. Mwalimu mwenyewe alifunika mdomo kwa bahasha. Masizi hakulia. Alikwenda dirishani, akaigeuza picha huku na huku akiitafutia mwanga, kisha akarudi akaiweka mbele ya Pozi.

"Mimi niko wapi hapa?"

Pozi akaweka kidole. "Hapo kwenye masizi."

Wakacheka tena. Lakini safari hii kicheko kilikatika ghafla, kwa sababu mwalimu alikuwa amejitafuta yeye naye. Upande wa kulia palikuwa na giza lile lile. Koti jipya halikuonekana. Uso haukuonekana. Kilichobaki cha mwalimu kilikuwa ukosi wa shati na kidole kimoja.

Pozi alishtuka. Katika chuki yake alikuwa amefikiria upande mmoja tu, na giza la lenzi pana halichagui upande. Katikati nako mambo hayakuwa mazuri. Nyuso za rafiki zake zilikuwa zimechujuka kama waliopakwa unga, na wa kwake ulichujuka kuliko zote.

Masizi alichukua picha yake, akaitia ndani ya kitabu, akaenda zake.

Mchana huo mwalimu aliingia studio bila kubisha hodi. Wateja walikuwa wamekaa wakisubiri zamu. Alimtupia baba yake Pozi picha mezani, akamwambia kwamba kama macho yamechoka auze kamera anunue jembe, na kwamba shule ile asiikanyage tena. Baba aliitazama picha, akaomba radhi. Mwalimu akaendelea. Baba akaomba radhi mara ya pili, kwa adabu ile ile, na wateja wawili wakanyanyuka na kuondoka kimya kimya.

Walipobaki peke yao, baba aliuliza, "Shela lilikuwepo?"

"Lilikuwepo, baba."

Hakuuliza zaidi. Mtoto wake alikuwa amesema. Kwa hiyo alikaa akaifungua flashi, akakagua betri, akasafisha vyuma vyake, akaifunga, akaifungua tena. Siku zilizofuata alikataa kazi mbili, akisema hajiamini. Pozi alimsikia akimwambia mama yake kwamba labda kweli macho yanaanza kwisha. Aliyasikia hayo akiwa na kijiko mdomoni, akaendelea kula. Alijiambia kwamba yatapita. Wala hakuona haya. Ilikuwa afadhali baba aonekane kipofu kuliko yeye aonekane mwongo. Ndivyo alivyokuwa siku hizo, na hakuna sababu ya kumpamba.

Kisha alikuja shangazi yake Masizi.

Alikuwa mama mnene wa mikono mikubwa, na aliingia na vumbi lake la mkaa bila kuomba samahani. Baba alimwamkia, akamkaribisha kiti. Alikataa kiti. Aliitoa ile picha ndani ya kanga, akaishika kwa ncha za vidole asiichafue, kisha akaeleza habari yake akiwa amesimama.

Mama yake msichana, yaani wifi yake, alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Alilazwa katika hospitali ya mbali, kwenye wodi ya kutengwa, na watoto hawakuruhusiwa hata kupita getini. Miezi yote hiyo alikuwa akiuliza habari za mtoto wake, na kila aliyekwenda alimwambia yuko salama. Mwisho akaacha kuwaamini. Akasema anataka picha. Shangazi akamwahidi kwamba darasa litapigwa picha na atamletea.

"Nimempelekea hii," alisema. "Sikuwa na nyingine. Akaishika hivi. Akapitisha kidole uso mmoja mmoja, mstari wa nyuma, mstari wa mbele. Akarudia. Nikamwonyesha, nikamwambia wifi, huyu hapa mwisho. Akanitazama, Fundi. Akaniuliza, 'Mmemzika lini?'"

Baba alikaa chini.

"Nimeapa kwa kila kitu. Akasema, 'Mnanionyesha kivuli.' Tangu hapo amegeukia ukutani. Chakula hataki, dawa anatema. Muuguzi kaniambia waziwazi, akiendelea hivi hamalizi mwezi." "Lakini mimi sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Mtoto wangu alisimama pale, alipiga pasi hadi sketi ikaungua. Ametolewa pichani na nani?"

Baba alisema kosa ni lake. Alisema macho yake yamechoka, akaanza kuomba radhi kama alivyomwomba mwalimu, kichwa chini. Alipokuwa akiomba, macho hayo hayo yalikuwa juu ya picha, na mkono wake ukavuta kioo cha kukuzia kilichokuwa mezani. Akainama. Maneno ya radhi yakakatikia njiani.

Aliangalia vivuli vya vichwa juu ya ubao. Vilikuwa vikali, vimekatwa kama kwa mkasi, na shela halitoi vivuli vya namna hiyo. Aliangalia nyuso za katikati. Zilikuwa zimeungua kwa mwanga. Siku ile alikuwa ameifungua lenzi zaidi kwa sababu shela hula mwanga, na shela lisipokuwepo mwanga wote huo unaishia katikati.

Hakupandisha sauti. Alimgeukia Pozi, aliyesimama na kitambaa chake karibu na dirisha, akamuuliza swali lile lile la mwanzo. "Shela lilikuwepo?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mama wa mkaa alikuwa anamtazama, ameishika picha kwa ncha za vidole, na Pozi akauona ule weusi wa pembeni ukimtazama nao.

"Halikuwepo," alisema. "Nililitia mfukoni."

"Kwa nini?"

"Ili asionekane."

Shangazi hakumpiga. Pozi alisubiri kofi, na kwa kweli alilitaka, lakini halikuja. Yule mama alisema maneno mawili tu: "Kumbe ulijua."

Baba aligeuza kibao cha mlangoni kikasoma kwamba studio imefungwa. Akachukua kamera, lenzi pana na flashi. Shela alimpa Pozi alibebe mkononi, si mfukoni, na wote watatu wakaondoka.

Chumba cha muuza mkaa kilikuwa kimoja, kirefu na chembamba. Magunia yalijaa nusu ya sakafu, na kuta zilikuwa nyeusi kuanzia chini hadi juu. Kitanda kimoja tu kilikuwa safi. Kilisukumwa mwisho kabisa wa chumba, kikatandikwa shuka jeupe, na hakuna aliyekilalia. Kilikuwa cha mama yake, na msichana mwenyewe alilala chini kwenye mkeka. Walimkuta amechuchumaa anachekecha mkaa. Alipomwona Pozi alinyanyuka.

"Sema mwenyewe," baba alimwambia Pozi.

Akasema. Alianza kwa kuzungukazunguka, baba akamkatiza, akaanza upya. Alitaja shela, mfuko, na kile alichokisema darasani. Alitaja na neno la zamani lililomkera. Alipomaliza alisema samahani.

Masizi alisikiliza bila kusogea. "Nilikuomba," alisema.



Baba alipendekeza wampige picha nje, kwenye jua. Shangazi akakataa. Alisema wifi yake kwa sasa haamini kitu. Akiona mtoto amesimama nje atasema ni picha ya zamani, au ni mtoto wa jirani. Anatakiwa akione chumba, aone magunia, aone kitanda chake kimemsubiri na mtoto amekalia kitanda hicho. Msichana akaongeza kwamba anataka kuandika. Alikata kipande cha boksi, akachukua mkaa, akaandika kwa herufi kubwa: MAMA, NI MIMI.

Akakaa ukingoni mwa kitanda, boksi kifuani. Baba alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa mlango, uliokuwa katikati ya ukuta mrefu, na bado lenzi pana ndiyo iliyoweza peke yake. Kwa jinsi chumba kilivyokaa, magunia yakaja katikati na kitanda kikaja pembeni. Msichana alikuwa amerudi kule kule, ukingoni mwa picha, na mwanga wake ulikuwa tena mikononi mwa Pozi.

Kuta nyeusi zilimeza mwanga, kwa hiyo baba alichomoa shuka jingine jeupe lililoanikwa kwenye kamba, akamwambia Pozi kwamba akishalivalisha shela asimame upande wa kitanda, alinyanyue shuka juu ya kichwa, limrudishie mwenzake mwanga. Pozi alilipuliza shela. Likamponyoka mara moja. Akalibana kwenye flashi, akalishindilia.

"Mwanga upo," alisema.

Baba alitoa jicho kwenye kamera. Akageuka. Akalitazama shela, akaligusa kwa kidole kuhakikisha limekaa, ndipo akairudia kamera yake.

Pozi aliona kilichotokea, na kilimuuma kuliko kofi alilolikosa. Alikwenda kusimama ukutani, akainua shuka, blauzi yake nyeupe ikapakaa masizi mgongo mzima. Baba hakuwa na haraka. Alibofya, akangoja flashi ijae, akabofya tena, na tena. Mikono ya Pozi iliwaka moto hadi mabegani. Kutoka pale aliuona uso wa mwenzake kwa karibu, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba wakati wote huo msichana yule alikuwa akijitahidi kutabasamu na midomo haitaki.

Kwa kuwa filamu hiyo ilikuwa ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe, baba aliisafisha mwenyewe siku hiyo hiyo kwenye chumba chake cha giza. Pozi alisimama kando yake. Picha ilipoanza kujitokeza ndani ya maji ya dawa, yalitangulia magunia, kisha shuka la kitandani, kisha herufi za mkaa, na mwisho uso. Ulikuwa umepanuka kidogo kama lenzi ile inavyofanya ukingoni, lakini kila kitu kilikuwepo, hadi kovu dogo juu ya nyusi. Asubuhi shangazi aliondoka nayo.

Wakati akiwa safarini, baba alimchukua Pozi hadi shuleni. Pozi alirudia yote mbele ya mwalimu. Mwalimu alikasirika sana, akaanza kuhubiri juu ya watoto wabaya, na Pozi, huku akilia, akasema kwamba jina la Masizi lilianza kwake lakini mwalimu pia alicheka. Mahubiri yakaishia hapo. Baadaye alimwomba baba radhi kwa maneno ya siku ile, kwa sauti ndogo kuliko aliyotumia kumtukana.

Shangazi aliporudi alipitia studio kabla ya kufika kwake. Alikubali kiti safari hii. Alisema wifi yake aliitazama picha hadi muuguzi akataka kumnyang'anya. Alisoma boksi, akagusa kitanda chake kwa kidole, akauliza kwa nini mtoto amekonda na nani anamsuka nywele vibaya hivyo. Halafu akaomba maji, akameza dawa. Picha ilikuwa chini ya mto wake. Kupona bado, alisema shangazi, lakini amegeuka, hatazami ukuta tena.

Baba alishukuru Mungu. Pozi alikimbia nje. Alimkuta msichana barabarani, ndoo ya mkaa kichwani, akamwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye orodha ya darasa, kisha akamwambia kwamba amefurahi sana kwa ajili ya mama yake.

Msichana alisimama. "Jina langu ulikuwa unalijua siku zote," alisema, na akaendelea na safari yake.

Pozi alirudi ndani akiwa amevunjika. Alimwambia baba yake kwamba ameomba radhi, amesema ukweli kwa kila mtu, na bado mwenzake hamtaki, na hata yeye baba siku hizi anageuka. Aliuliza ataacha lini kugeuka.

Baba alikuwa anafunga filamu mpya.

"Ungekuwa umesahau shela, ningekufundisha usisahau," alisema. "Ungekuwa hujui lenzi hii inavyokula watu wa pembeni, ningekueleza. Wewe ulijua. Nilikupa ujuzi huo ili mtu wa mwisho apate mwanga kama wa katikati, ukautumia kumfuta mtoto wa watu. Halafu ukaniambia mwanga upo. Mama mmoja karibu afe kwa neno lako hilo, na mimi nikaanza kujiona kipofu."

"Nimesema samahani, baba."

"Umesema, na umefanya vizuri. Kusema ukweli kumempa yule mama picha yake. Lakini samahani ni yako wewe kuitoa, kusamehe ni kwake yeye, na huwezi kumpangia siku. Kuaminiwa nako ni hivyo hivyo. Nilikuwa sigeuki kwa sababu hukuwahi kunidanganya. Utafanya kazi, utasema ukweli, katika mambo madogo na makubwa, na siku moja nitajikuta sijageuka. Sitakuambia ni lini, kwa sababu mwenyewe sijui."

Mteja alibisha hodi. Alikuwa kijana aliyetaka yeye na ndugu zake wote wapigwe picha, na ndugu hao walikuwa wanamiminika mlangoni mmoja baada ya mwingine, hadi studio ikajaa na wa mwisho wakabanwa ukutani. Baba akafunga lenzi pana. Pozi akanawa mikono, akaikausha, akalipuliza shela na kulibana kwenye flashi. Alitazama kushoto alikosimama bibi mfupi, akatazama kulia alikosimama mtoto mwenye aibu, akahakikisha wote wawili wanaonekana.

"Mwanga upo," alisema.

Baba yake aligeuka, akaangalia, kisha akabofya.